Mbeta ya Lutengano

Asubuhi yako ni jioni ya mwenzako. Methali hii ilianzia hapa hapa kijijini, kwa mjinga mmoja, na msihangaike kumtafuta, maana ndiye huyu aliyekalia kiti cha mpiga kinanda kwa sababu mabenchi yote mmeyakalia ninyi.

Nimewasikia mkicheka Bibi Yudita alipoingia kuchukua mwavuli wake. Amemkuta Niko anawaonyesha wenzake simu, jinsi anavyobahatisha matokeo ya mechi za Jumamosi, na kabla hajaulizwa Niko ameshajitetea kwamba haweki hata shilingi, anapima akili tu. Bibi akamtazama, akasema maneno hayo, akafungua mwavuli, akaenda zake. Mkabaki mnaulizana kama bibi ameanza kuchanganya saa.

Hajachanganya. Methali ni yake. Aliitunga mwenyewe bila kukusudia, na kichwa alichoipigia ni hiki changu. Sogeeni basi, mvua hii haiishi sasa hivi, na kwaya haiwezi kushindana na mabati.

Nilikuwa kijana bado, nimeoa juzi juzi, nikachaguliwa mzee wa kanisa. Mzee asiye na mvi hata moja. Mke wangu akawa ananiita "mzee" kila akitaka nichanje kuni, nami nikawa naitika.

Sasa, Simioni, wewe mjukuu wa Bibi Yudita umekuja kwetu kutoka mjini, wenzako hawa ulanzi wanaujua tangu mgongoni mwa mama zao, lakini wewe nikueleze. Masika yakianza, mgemaji hukata ncha ya mwanzi mchanga, akaukingia kipande cha mwanzi mwingine kilicho wazi juu, ndicho tunachokiita mbeta. Maji ya mwanzi hudondoka humo usiku kucha. Ukiitungua asubuhi, mbeta ikiwa imeoshwa vizuri, unapata mtogwa, maji matamu ambayo hata mtoto anapewa. Lakini mtogwa hausubiri mtu. Uache kwenye mbeta hiyo hiyo, jua liupitie, na ikifika jioni umekuwa ulanzi mkali, unamwangusha mwanamume mwenye ndevu. Hakuna aliyeongeza kitu. Ni maji yale yale.

Shamba la mianzi la Mzee Kihwele lilikuwa pale njia inapopanda kwenda mashambani. Kihwele hakuwa mtu wa kanisa, lakini alikuwa mtu wa watu. Desturi yake ilikuwa hii: anayepita wakati anatungua mbeta za asubuhi lazima aonjeshwe, bure, na kukataa ni kuitukana mianzi yake. Kwa sababu hiyo Wakristo wetu masika yote hawakupita pale. Walizunguka kwa njia ya mtoni, yenye matope mpaka magotini, wakatokea mashambani wamechelewa na wamechafuka. Wazee hasa, wale wenye mvi, ndio walioianzisha desturi hiyo. Haikuandikwa mahali. Ukiwauliza sababu, walisema, "Ndivyo tunavyofanya," wakaendelea kukamua matope kwenye suruali.

Mimi nikapelekwa semina ya wazee wa kanisa. Nikarudi nimeumuka kama andazi. Huko nilikuwa nimeelewa jambo moja, na lilikuwa kweli, naliamini mpaka leo: Kristo ametuweka huru, na hakuna chakula wala kinywaji ambacho ni najisi chenyewe. Kumbe ukweli nao ni kama panga, lazima uangalie nani amesimama nyuma yako unapolirusha.

Jumapili nikawatangazia wenzangu nje ya kanisa kwamba njia ya mtoni ni utumwa. Wazee wenye mvi wakanisikiliza. Mmoja akasema, "Umesoma, mwanangu." Nikadhani ananisifu.

Kesho yake asubuhi nikachukua jembe na kufuata njia ya Kihwele, kifua mbele. Pale njia zinapoachana nikamkuta Lutengano.

Lutengano mnamjua kama yule babu anayesinzia benchi la nyuma na kuamka kwenye amina. Siku zile alikuwa mtu mwingine. Kabla ya kubatizwa alikuwa mteja mkubwa wa Kihwele kuliko wote. Alilala kilabuni kwa Kihwele, ulanzi ulipouzwa, kama mbeta iliyosahauliwa. Yudita, mkewe, alikwisha kurudi kwao kwa sababu hiyo. Lutengano alipoacha pombe, akabatizwa, akalima, akaezeka nyumba, Yudita akarudi. Ndoa yao ilikuwa ya kimila tu, na Jumapili iliyokuwa mbele yetu mchungaji alikuwa aje kuibariki. Kaka zake Yudita walikubali kwa sharti moja, nao walilisema mbele ya watu wote: siku Lutengano akirudi kwenye ulanzi, dada yao anarudi nyumbani, na safari hiyo hatoki tena.

Mnaona kilichokuwa mezani. Mimi nilikuwa nakiona vilevile. Ndiyo maana nasema nilikuwa mjinga, si kipofu.

Lutengano alikuwa ameshakunja suruali, anateremka mtoni.

"Kamwene, ndugu yangu," nikamwita. "Unakwenda kuoga na jembe?"

"Kamwene, mzee. Nakwenda shamba."

"Shamba liko juu. Huko ni kwa vyura."

Akacheka. "Nimezoea vyura. Hawaonjeshi."

"Wewe umebatizwa au umelowanishwa? Mtu aliyewekwa huru anaogopaje maji ya mwanzi? Mtogwa ni pombe?"

"Mtogwa si pombe," akasema. Alikuwa bado amesimama na mguu mmoja kwenye matope. "Lakini unanuka kama pombe, mzee. Mimi harufu ile inaniita kwa jina."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekunja suruali yake na kuteremka naye. Mimi nikamshika mkono.

Kihwele alikuwa ameshikilia mbeta ya kwanza. Alifurahi kuniona, akanimiminia, nikanywa mbele ya Mungu na mianzi, mtamu ajabu, wala sikutenda dhambi yoyote. Kisha nikasema, "Na ndugu yangu."

Kihwele akaichukua mbeta akaiweka nyuma ya mgongo wake. Yeye, muuza ulanzi.

"Huyo mwache," akasema. "Mimi namjua. Tangu aache sijamwita hata siku moja, na alikuwa ananiletea biashara. Mimi sikumwita, wewe mzee wa kanisa ndiye unayemwita?"

"Kihwele, nawe umekuwa mchungaji?" nikamtania. "Ni mtogwa tu. Lutengano, mimi mzee wako nakwambia mbele ya shahidi: hii ni safi."

Lutengano akaniangalia. Si mara nyingi mtu anakuangalia namna ile, kama mtoto anayeambiwa ruka, nitakudaka. Akanywa. Akarudisha kikombe. Hakuna radi iliyopiga. Nikaona nimeshinda, na mtu akishinda anakuwa mkarimu: nikamwomba Kihwele mbeta nzima iliyojaa, nikamtundikia Lutengano begani mwenyewe.

"Ya kukata kiu shambani," nikasema. "Na Jumapili nitaisimulia kwenye harusi yako."

Mashamba yetu yalikuwa jirani. Mimi nililima mpaka jua lilipokuwa utosini, nikachoka, uhuru nao unachosha. Nikamuaga Lutengano, nikarudi nyumbani kula viazi. Yeye alikuwa anamalizia matuta ili siku za harusi asiwe na deni na ardhi. Mbeta ilikuwa imetundikwa kwenye mti, juani.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye, na hakujipunguzia kitu. Alipomaliza matuta jioni alikuwa na kiu. Akaitungua mbeta, akaifungua, ikatoa povu. Alijua. Hakuna mtu kijijini aliyejua povu lile kuliko yeye. Akasimama nayo mkononi kitambo. Dhamiri yake ikamwambia, weka chini. Halafu akakumbuka mimi nilivyosema, mzee wa kanisa, mbele ya shahidi: hii ni safi. Akasema, si ni maji yale yale? Akanywa. Mbeta ikaisha kabla kiu haijaisha, na kutoka shambani mpaka kilabuni ni mteremko.

Asubuhi nilikuwa barazani na sahani yangu Yudita alipoingia uani. Hakubisha hodi. Alikuwa amebeba mbeta tupu kwa mikono miwili, kama mtu abebavyo mtoto. Akaiweka miguuni kwangu.

"Umeitambua?" akauliza.

Nikasema naitambua.

"Mume wangu hakulala nyumbani. Amepita mtu usiku akamwona kilabuni, akaenda kuwaambia kaka zangu, na kaka zangu wamefika kabla jogoo wa pili hajamaliza. Wanafunga godoro langu sasa hivi. Yeye amejificha kwenye dungu la shambani, hataki kuonekana. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Ulimpa wewe?"

Wanangu, kulikuwa na jibu fupi. Ningesema "ndiyo, nisamehe," methali hii isingezaliwa. Lakini mimi nilikuwa nimetoka semina.

"Dada Yudita," nikaanza, nikapangusa mdomo vizuri, "tuelewane. Mimi sikumpa pombe. Nilimpa mtogwa. Mimi mwenyewe nilikunywa mtogwa huo huo, asubuhi hiyo hiyo, nikaenda nikalima, nikarudi, nikala, nikasali, nikalala. Mbona mimi sikuanguka? Kitu hakikuwa kibaya. Asubuhi kilikuwa kitamu, kisafi, hata mtoto angekunywa. Sasa kama mtu amekaa nacho mpaka jioni, kosa ni la nani?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja akaichukua sahani yangu, na viazi vilikuwa bado vimo.

Yudita hakupandisha sauti. Alisema, "Asubuhi yako, mzee, ni jioni ya mwenzako."

Basi. Nilifungua mdomo, nikaona nimeishiwa semina yote. Alikuwa amesema kweli kuliko nilivyowahi kuisikia. Kikombe kile kwangu kilikuwa asubuhi, kwa sababu nilikuwa sijawahi kulala kilabuni. Kwangu hakikuwa na kumbukumbu. Kwa Lutengano kikombe kile kilikuwa jioni tangu tone la kwanza, hata jua likiwa halijachomoza. Ndipo nikawaelewa wazee wenye mvi na suruali zao za matope. Hawakuwa watumwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeogopa ulanzi. Walizunguka kwa mtoni ili Lutengano asizunguke peke yake.

Nikachukua ile mbeta, nikamfuata Yudita mpaka kwake. Kaka zake walikuwa wamefika kwenye masufuria.

"Mbeta hii ni yangu," nikawaambia. "Nilimtundikia mimi. Yeye alikuwa anateremka mtoni, mimi nikamshika mkono."

Kaka mkubwa akanitazama juu mpaka chini. "Kwa hiyo tuache kumchukua dada, tukuchukue wewe?"

"Ikibidi."

"Unakula sana?"

"Kaka," Yudita akasema, "mwache amalize."

Sikuwa na hotuba. Niliwaomba wanipe mpaka mavuno ya mahindi. Nikasema kama Lutengano atarudi kilabuni kabla ya mavuno, nitawasaidia kubeba godoro kwa kichwa changu mwenyewe mpaka kwao, na njia nzima nitasema kwa nini. Kaka mkubwa akafikiri. Akauliza Yudita anasemaje. Yudita akasema, "Mimi niliwahi kuondoka nikijua nakimbia nini. Leo sioni cha kukimbia. Naona mtu aliyesukumwa." Wakafungua godoro.

Lutengano nilimkuta dunguni, amejikunja, macho mekundu. Aliponiona aligeukia ukutani.

"Mwambie mchungaji asisumbuke kuja," akasema. "Hiyo Jumapili haipo."

Nikakaa kwenye mlango. Sikumhubiria. Mtu aliyekusukuma shimoni akija kukuhubiria kuhusu mashimo, unayo haki ya kumpiga mawe. Tulikaa mpaka jua likapanda, ndipo nikamwambia neno moja la kweli nililokuwa nalo.

"Lutengano, kuanzia leo sinywi ulanzi. Mkali wala mtamu. Mpaka utakaponiruhusu wewe."

Akageuka kidogo. "Mimi nikuruhusu wewe mzee?"

"Wewe."

"Na nikikataa?"

"Nitakufa na kiu."

Bega lake likaanza kutikisika. Nilidhani analia. Labda alikuwa analia, lakini na kicheko kilikuwemo. Akanyoosha mkono nimwinue.

Masika yote yale tulishika njia ya mtoni, mimi na yeye, asubuhi na jioni. Vyura walituzoea. Yako mambo niliyoyajua kwenye matope yale ambayo hayakuwemo kwenye semina: kwamba uhuru wangu ni wangu kweli, hakuna aliyeninyang'anya, na kwa kuwa ni wangu naweza kumpa mtu. Mtumwa hana cha kutoa. Nusu ya masika, asubuhi moja, tulimkuta Kihwele naye anateremka njia yetu na jembe lake, matope mpaka magotini. Nikamuuliza amepotea? Akasema, "Kule kwangu nimechoka kupita peke yangu." Hakubatizwa siku hiyo wala mwaka huo. Lakini alibatizwa.

Mahindi yakavunwa. Kaka zake Yudita wakaja, safari hii na mbuzi. Ndoa ikabarikiwa, mimi nikasimama msimamizi, na kwenye karamu Yudita alinimiminia chai mwenyewe, akaniuliza, "Ni asubuhi au jioni, mzee?" Watu wakacheka mpaka mchungaji akaomba aelezwe. Toka siku hiyo neno likawa la kijiji kizima.

Nami mpaka leo, mvua za kwanza zikinyesha, naenda kwa Lutengano namuuliza, "Je, umeniruhusu?" Naye ananijibu, "Bado." Mwaka huu nilikwenda, masikio yake yamekufa nusu, nikauliza kwa sauti. Akasema, "Bado, mzee, una haraka gani?" Wanangu, ladha ya mtogwa nimeshaisahau. Lakini ile "bado" ni tamu kuliko mtogwa wote wa Kihwele, kwa sababu inasemwa na mtu aliye hai, mzima, aliyezeeka na mke wake, naye angeweza kuwa amekwisha kuzikwa na mkono wangu. Kila nikiisikia narudi nyumbani namshukuru Mungu njia nzima. Namshukuru na kwa Yudita, aliyenipiga kofi bila kunyanyua mkono.

Ndiyo hiyo methali.

Naona Niko ana neno. Sema, Niko, uso wako unachemka kama sufuria.

"Babu, hadithi nzuri, lakini ulanzi ni ulanzi," Niko akasema. "Mimi mbeta yangu haina povu. Siweki hela. Nabahatisha tu, timu hii itashinda, timu ile itafungwa. Hakuna dhambi hapo, hata wewe huwezi kunionyesha."

Nikamwambia siwezi, kweli.

"Basi. Sasa nizime simu kwa sababu ya mtu ambaye hata simjui? Huyo mwenzako wa methali, mimi wa kwangu yuko wapi? Nitaacha mangapi kwa ajili ya watu wa kuwaza tu?"

Nilikuwa natafuta cha kumjibu, kwa maana swali lake lilikuwa langu la zamani, limevaa nguo mpya. Simioni akawahi. Tangu aje kwetu hajawahi kusema mbele ya kundi, nanyi mlidhani ni mpole tu. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Bibi hakunileta huku kubadilisha hewa," akasema. "Mabati ya nyumba ya baba niliyang'oa mwenyewe nikayauza, na hela yote nikaimalizia kwenye mikeka ya kubeti mechi. Nilianza kwa kubahatisha bure, kwenye simu ya rafiki. Nimekaa nyuma yako mazoezi yote, Niko, na sijasikia hata wimbo mmoja. Nasikia timu tu."

"Sasa si ungeniambia?" Niko akasema. "Ningejuaje? Mimi kwangu ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo," Simioni akasema. "Asubuhi yako, Niko, ni jioni yangu."